Beseni la Siki Halitaokoa Fulana za Mei Mosi

Likifika juma la mwisho la Aprili, mafundi wa kuchapa fulana Dar es Salaam wanalijua swali kabla mteja hajafungua mdomo. Zikishachapwa, ziloweke kwenye chumvi na siki kwa muda gani ili maandishi yasitoke? Yuko anayetaka kujua kama siki nyeupe ndiyo yenye nguvu au hata ya tufaha inafaa. Yuko anayeuliza kama chumvi ya mawe inaishinda ya unga. Na yuko aliyekwisha kuandikiwa dawa na fundi mwenyewe, tena kwa kujiamini: "Dada, usiifue kwanza. Iloweke usiku kucha, chumvi na siki, hiyo haitoki mpaka uichoke wewe."

Jibu la kitaalamu halijazi hata mstari. Muda wa kuloweka ni sifuri. Chapa iliyobandikwa kwa joto haipati chochote kutoka kwenye beseni hilo, iwe siki ya nani, iwe chumvi ya wapi. Ukurasa mzima unahitajika kwa sababu watu hawalipokei jibu hilo, na kwa sababu imani hiyo kila mwaka hufunika kosa linalofanyika mahali pengine kabisa, ndani ya zile sekunde chache fulana inapokuwa chini ya presi.

Mei Mosi inafaa kuwa mfano kwa kuwa haraka yake inajulikana mwaka mzima na bado inamkuta kila mtu amelala. Tarehe haijawahi kuhama. Kinachohama ni uwanja: sherehe za kitaifa za 2024 zilikuwa Arusha, za 2025 zikawa Singida, kwa hiyo kwa ujumbe unaosafiri muda wa mwisho ni basi linapoondoka, wala si maandamano yanapoanza. Pamoja na hayo, bajeti hupita siku za mwisho. Nembo hutumwa kwa WhatsApp ikiwa imepigwa picha kutoka kwenye barua yenye muhuri juu yake. Orodha ya saizi hubadilika mara mbili mchana mmoja. Kisha alasiri ya tarehe 29 mtu wa manunuzi anasimama mbele ya kaunta Kariakoo na oda ya fulana 60, maandishi mbele na mgongoni, zinatakiwa kesho jioni.

"Bosi wangu, presi yenyewe si sekunde 15 tu? Sitini mara kumi na tano ni robo saa. Nakunywa chai nakuja kuchukua."

Hesabu iko sawa. Kazi ndiyo haiko hivyo. Fulana huvalishwa kwenye kitanda cha mashine na kunyooshwa, mshono wa bega usiingie chini ya bamba. Hukandamizwa tupu kwa sekunde 3 hadi 5. Filamu yenye chapa hupangwa katikati, vidole vinne hivi chini ya kola. Hukandamizwa sekunde 10 hadi 15. Kama filamu ni ya kubandua ikiwa baridi, husubiriwa ipoe. Hubanduliwa taratibu, ikikunjwa chini karibu na kitambaa, bila kuvutwa juu. Hufunikwa karatasi maalumu na kukandamizwa tena kwa sekunde 5 hadi 10. Fundi mzoefu hutumia dakika moja na nusu hadi mbili kwa upande mmoja. Fulana 60 zenye pande mbili ni pande 120 za kukandamiza, yaani saa 3 hadi 4 za kusimama, bila kuhesabu kuprinti filamu, kuikata, kupanga saizi na kukunja.

Mteja akikomaa na robo saa yake, muda huibwa mahali pasipoonekana. Sekunde 15 zinakuwa 8. Mkandamizo wa fulana tupu unarukwa. Filamu ya kubandua baridi inabanduliwa moto. Mkandamizo wa mwisho unasahauliwa. Fulana hizo hutoka zikiwa zinang'aa, hupigiwa picha, hupita mbele ya jukwaa kuu bila aibu yoyote. Aibu huja wiki inayofuata kwenye kamba ya kuanikia, herufi ya kwanza inapoinua kona.

Hapo ndipo beseni linapopata cheo chake. Fundi aliyemwambia mteja aloweke chumvi na siki amejipatia dhamana ya bure: chapa ikidumu, siri ni yake, ikibanduka, mteja hakuloweka vizuri, au aliweka siki kidogo, au hakungoja asubuhi. Kosa la presi limehamishiwa nyumbani kwa mtu. Mafundi wengine hawana hila yoyote, wanarudia walichosikia kwa waliowafundisha. Matokeo kwa mwenye fulana ni yaleyale.

Ili kuona kwa nini beseni halina kazi, inatosha kujua kitu gani kinaishikilia chapa. Kazi nyingi za haraka mjini sasa hufanywa kwa filamu ya DTF: picha huprintiwa kwenye filamu ya plastiki, wino ukiwa bado mbichi hunyunyiziwa unga wa gundi ya poliurethani, kisha unga huo huyeyushwa ushikane na wino. Chini ya presi, kwa nyuzijoto 150 hadi 160 hivi, gundi hulainika tena na kusukumwa katikati ya nyuzi za kitambaa. Ikipoa, inaganda ikiwa imezikumbatia. Vinili ya kukata kwa plota nayo ni hivyohivyo, isipokuwa gundi yake imepakwa mgongoni tangu kiwandani. Mambo matatu tu ndiyo yanayoamua: joto, muda na mgandamizo. Likipungua moja, gundi imekaa juu ya nyuzi na haikuingia.

Hilo linaonekana kwa macho. Fulana iliyokandamizwa sawasawa ikiinamishwa kwenye mwanga, mfumo wa kitambaa huonekana umejichora juu ya chapa, vijistari vidogovidogo vya ufumaji. Chapa iliyopunjwa huwa laini na yenye kung'aa, imelala juu ya nguo. Ukiichokonoa kona kwa ukucha ikainuka na kuacha kitambaa safi chini yake, gundi haikuwahi kuingia. Ikiinuka kwa shida huku imeng'oa vinyweleo vya pamba, iliingia. Uchunguzi huo huchukua sekunde chache dukani, na mteja ana haki ya kuufanya kabla ya kumalizia malipo.

Sasa chumvi. Ina kazi ya kweli katika kutia nguo rangi, na uongo huu umesimama juu ya mguu huo. Pamba ikiwa majini hubeba chaji hasi, na rangi nyingi za pamba zinazoyeyuka kwenye maji nazo ni hasi, kwa hiyo zinasukumana. Chumvi hupunguza msukumano huo, rangi ikaacha maji na kuhamia kwenye uzi. Rangi tendaji, ambazo kampuni ya Uingereza ya ICI iliziingiza sokoni mwaka 1956 kwa jina la Procion, hutiwa chumvi kwa makumi ya gramu kwa kila lita. Ndoo ya lita 10 inaweza kula nusu kilo. Baadaye hutiwa soda ya magadi, kwa sababu rangi hizo hujifunga na pamba kwenye maji yenye alkali. Mafundi wa batiki wanaotumia rangi za aina hiyo wanalijua hilo vizuri kuliko msimulizi yeyote wa mtandaoni. Wanajua pia kwamba chumvi huingia wakati rangi bado iko ndani ya beseni na nguo imo humo. Kijiko cha chumvi kwenye maji safi, juu ya fulana iliyokwisha kutoka kwa fundi, hakina rangi ya kusukuma kokote.

Siki nayo ina ukoo wake: sufu, hariri na nailoni. Nyuzi hizo hupokea rangi za asidi, na siki ya dukani, ambayo ni maji yenye asidi ya asetiki kiasi cha asilimia 4 au 5, huweza kuzisaidia rangi hizo wakati wa kutia. Pamba haimo katika ukoo huo. Zaidi ya hapo, alkali ambayo rangi tendaji inaitaka ndiyo hasa inayouawa na siki. Anayechanganya chumvi na siki kwenye beseni moja amechukua nusu ya kanuni ya pamba na nusu ya kanuni ya sufu, akaziunganisha ingawa zinavutana, kisha akazimwaga juu ya kitu ambacho si rangi ya kuyeyuka hata kidogo.

Maana wino wa DTF ni wa pigmenti, yaani chembe ngumu zisizoyeyuka. Weupe wake hutokana na titani dioksaidi, ileile inayoipa weupe rangi ya ukuta. Chembe hizo hazitafuti uzi wa kujifunga nao. Zimefungiwa ndani ya utando mwembamba unaonyumbulika, na utando umelala juu ya gundi. Kuipelekea chapa ya namna hiyo chumvi na siki ni kutia hamira kwenye mkate uliokwisha kutoka tanuri.

Mkanganyiko mwingi ungeisha kama watu wangetenganisha malalamiko mawili ambayo huletwa kama moja. Nguo inayochuja ni tatizo la rangi ya kitambaa: ile fulana nyekundu ya bei ya chini inayoyageuza maji na kuharibu mashuka. Chapa inayobanduka ni tatizo la gundi. La kwanza lilizaliwa kiwandani, la pili lilizaliwa kwenye presi, na hakuna hata moja linalotibiwa na achari.

Hata hivyo ushahidi wa mashuhuda hauishi. "Mbona yangu niliiloweka na mpaka leo iko vilevile?" Iko vilevile kwa sababu ilikandamizwa vizuri, na isingelowekwa ingekuwa vilevile pia. Mwingine aliona maji ya beseni yamebadilika rangi, akaamini uchafu wa rangi umetolewa na uliobaki umekazwa. Alichokiona ni rangi ya ziada ya kitambaa ikitoka, jambo ambalo maji matupu yangelifanya bila kumgharimu chupa ya siki. Wa tatu alipewa dawa pamoja na masharti: usitumie brashi, igeuze nje ndani, maji yawe ya baridi, anika kivulini. Masharti hayo yote yanafanya kazi. Fulana ikadumu, sifa zikaenda kwa siki.

Wengine husema basi, kama haisaidii, haidhuru. Inadhuru. Watengenezaji wengi wa filamu na vinili huagiza fulana isifuliwe kwa saa 24 za kwanza ili gundi itulie. Kuloweka usiku kucha kunavunja sharti hilo moja kwa moja, kunaijaza pamba maji, inavimba, na kingo za chapa iliyoshika nusunusu zinapata nafasi ya kuinuka. Yaani dawa huidhuru zaidi ile fulana ambayo ilikuwa mgonjwa tayari.

Anayetaka kujiridhisha hahitaji maabara. Achukue kipande kimoja cha fulana, abandike maandishi mawili yanayofanana. La kwanza alikandamize kwa muda wote ulioandikwa na mtengenezaji. La pili alipe nusu ya muda huo. Akate katikati, lile la nusu alipe heshima zote za beseni, chumvi na siki usiku mzima, na la kwanza aliache bila chochote. Baada ya siku moja avifue vipande vyote viwili pamoja, mara kadhaa, kwa sabuni ileile. Kingo zitasema.

Na kama fulana zimekwisha kutoka vibaya? Dawa ipo, nayo ni presi. Chapa iliyoanza kuinua kona, ikiwa haijaingiwa na sabuni, mafuta au vumbi chini yake, mara nyingi huokolewa kwa kufunikwa karatasi isiyonata na kukandamizwa tena kwa joto lake sahihi sekunde 10 hadi 15. Ndiyo maana fulana inayoleta wasiwasi irudishwe kwa fundi kabla ya kufuliwa. Ikisharudi na povu la sabuni ndani ya herufi, gundi haina tena cha kushika.

Kipo kitu kingine kinachoharibu kazi za Mei Mosi kuliko zote, na kwa kuwa hakina harufu ya siki hakuna anayekiuliza: maji yaliyomo ndani ya fulana inayoonekana kavu. Pamba huvuta unyevu wa hewa. Katika hali ya kawaida ya maabara, nyuzijoto 20 na unyevu wa asilimia 65, hubeba maji kiasi cha asilimia 8.5 ya uzito wake mkavu. Poliesta hubeba asilimia 0.4 tu. Fulana ya pamba ya gramu 150 ina gramu 12 hivi za maji ndani yake, zaidi ya vijiko viwili vya chai. Na hiyo ni maabara. Mei Mosi huangukia katikati ya masika, na fulana zimelala kwenye viroba tangu zishushwe. Presi ikifungwa juu yake, maji hayo huwa mvuke, na mvuke hutafuta njia ya kutokea palepale gundi inapotaka kuingia. Zile sekunde 3 hadi 5 za kukandamiza fulana tupu ni za kuutoa mvuke huo. Fundi akifungua presi akauona ukipanda, asikimbilie kuweka filamu, afunge tena.

Baada ya chumvi na siki kushindwa, mteja mwenye haraka huja na ushauri wa pili: ongeza moto, zitaiva upesi. Joto halilipi deni la muda. Bamba la juu likipandishwa kupita kiasi, gundi huwa majimaji na kuzama au kutoka pembeni, pamba huanza kuungua, na poliesta hupata alama ya mraba inayong'aa ambayo haifutiki. Kwenye poliesta ya rangi kali kuna adhabu nyingine. Rangi zake ni za aina inayogeuka mvuke kwa joto, ndizo hizohizo zinazotumika kwenye uchapaji wa sablimesheni. Ukibandika jina jeupe kwenye jezi nyekundu ya Simba kwa joto kubwa, wekundu hupanda ndani ya weupe, na jina lililotoka dukani likiwa jeupe linaamka la waridi siku chache baadaye. Siki haitaurudisha weupe huo. Kilichohitajika ni joto la chini na vinili au filamu yenye tabaka la kuzuia rangi.

Kwa mwenye oda mkononi na saa inakwenda, mambo ni haya.

Kwanza kabisa ajue kitambaa. Lebo ikikosekana, achome uzi mmoja: pamba huwaka, hunuka karatasi na kuacha jivu laini, poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Fulana za mchanganyiko hufanya yote mawili.

Achague njia kwa kuangalia picha na idadi. Nembo yenye rangi nyingi, fulana 60, kitambaa chochote cha kawaida: filamu ya DTF, ambayo huuzwa kwa mita na inaweza kuprintiwa kwa mwenye printa huku fulana zikipangwa. Kwenye roli ya sentimita 60, picha za upana wa sentimita 28 na urefu wa 20 hukaa mbilimbili. Picha 60 zinahitaji mita 6 na ushee, na nembo ndogo za kifuani zijazwe kwenye nafasi zinazobaki. Majina na namba za rangi moja, herufi nene: vinili, ila isichaguliwe kwa maandishi madogo kwa sababu kunyofoa vipande vya ndani ya kila herufi hula usiku mzima. Fulana nyeupe za poliesta tupu: sablimesheni, nyuzijoto 190 hadi 200 kwa sekunde 40 hadi 60. Kwenye pamba isijaribiwe, itafuliwa na kwisha. Mamia ya fulana zenye rangi moja au mbili: uchapaji wa skrini, ikiwa ipo nafasi ya kukausha na wino kuiva.

Apunguze pande, asipunguze sekunde. Maandishi ya mgongoni yakiondolewa, pande 120 zinakuwa 60. Kaulimbiu na nembo zinaweza kukaa pamoja mbele.

Mashine moja iwe na watu wawili, mmoja anapanga na kufunga, mwingine anabandua na kukunja. Saizi zipangwe kabla mashine haijawashwa. Fulana za polo ziwekewe sponji ya kuhimili joto chini ya kifua, la sivyo vifungo huinua bamba na herufi za pembeni hazipati mgandamizo. Namba inayoonyeshwa kwenye kioo cha mashine isiaminiwe moja kwa moja. Kona za presi za bei ndogo huwa baridi kuliko katikati, na kipimajoto cha mkononi kitafichua.

Umeme ufikiriwe mapema. Presi ya kawaida ya sentimita 38 kwa 38 hula kati ya wati 1,400 na 1,800, kwa hiyo kijenereta cha kuwashia taa na kuchaji simu hakitaiwasha. Luku iangaliwe mchana, siyo saa 5 usiku.

Pasi ya nyumbani? Kwa fulana moja ya mtoto wa darasa la awali, pamba tupu, maji yametolewa, juu ya meza ngumu, kwa kukandamiza bila kusugua, yaweza kukubali. Kwa fulana 60 hapana. Joto lake hupanda na kushuka, matundu ya mvuke huacha mabaka, na mkono wa binadamu hautoi mgandamizo uleule mara 60.

Nembo idaiwe ikiwa faili halisi kutoka kwa aliyeichora, wala si picha ya barua. Sampuli moja ichapwe, ivutwe, ichokonolewe, ipigwe picha na kupitishwa kwa maandishi na mtu mmoja mwenye mamlaka, kisha advansi ilipwe. Herufi ikikosewa kwenye jina la chama baada ya hapo, ijulikane ni kosa la nani. Fulana zisikunjwe zikiwa moto wala kulazwa chapa kwa chapa. Zipoe kwanza ndipo ziingie kirobani. Kila mvaaji aambiwe mambo manne: asubiri saa 24, aigeuze nje ndani, maji baridi bila jiki, na pasi isipite juu ya maandishi.

Oda ya fulana 60 inunuliwe 63, zikiwemo saizi kubwa, kwa kuwa moja itapinda, nyingine itaungua kona, na yupo mjumbe ambaye jina lake litaongezwa dakika ya mwisho. Tatu zikibaki, katibu wa tawi hatakosa wa kumpa. Zikipungua saa 4 usiku, maduka yamefungwa na basi halimsubiri mtu.